Uvumi wa Maradhi na Itibari ya Wenye Mamlaka

Kila wabaa unapoingia katika nchi, habari zake hutangulia kufika kabla ya tabibu, na habari hizo aghalabu huwa za aina mbili: zile zitokazo kwa wenye mamlaka, zikiwa na muhuri na saini, na zile zipitazo midomoni mwa watu, sokoni, msibani, katika baraza za kahawa na siku hizi katika simu za mkononi, zisizo na saini ya mtu yeyote. Dasturi ya wenye mamlaka ni kuziita hizi za pili uzushi, na kuwaita wazisadikio wajinga. Kisha huamrishwa kampeni ya elimu, mabango yakachapwa, waimbaji wakalipwa, na mwisho wa mwaka taarifa ikaandikwa kwamba watu kadha wa kadha wamefikiwa. Rai yangu ni kwamba utaratibu huo una kosa tangu msingi wake. Mtu wa kawaida hana maabara. Hawezi kuviona virusi kwa jicho lake, wala kupima kilichomo ndani ya kichupa cha chanjo, na kwa hiyo linalobaki katika uwezo wake ni kuamua kama huyu anayemwambia ni mtu wa kuaminiwa au siye. Hukumu hiyo huitoa kwa kumbukumbu aliyonayo juu ya msemaji, na kumbukumbu hiyo haifutwi na bango.

Katika nchi zetu kumbukumbu yenyewe ni ndefu. Zama za Waingereza habari za mumiani, yaani watu waliosadikiwa kuwakamata raia usiku na kuwatoa damu ili ifanywe dawa, zilivuma pwani yote, na huko bara zikaitwa habari za wazimamoto, kwa kuwa gari jekundu la kuzimia moto lilidhaniwa ndilo lichukualo damu hiyo. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi huo ulizusha ghasia, na askari polisi mmoja akauawa. Watawala walizicheka habari hizi na kuzihesabu kuwa ni ushirikina wa washenzi. Mwanahistoria Luise White, aliyezikusanya simulizi za namna hiyo katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati na kuzitolea kitabu mwaka 2000, alizishughulikia kwa insafu zaidi, akazisoma kama maelezo ya watu juu ya utawala walioishi chini yake: utawala uliochukua nguvu zao kwa kazi, mali zao kwa kodi, na miili yao kwa sindano, bila ya kuwauliza.

Na sindano hazikuwa ndoto. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, malale yalipowaua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, tabibu mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alifika visiwa vya Ssese mwaka 1906, akawadunga wagonjwa dawa ya atoxyl, yenye arseniki ndani yake, na alipoona haitoshi akaongeza kipimo, hata baadhi ya wagonjwa wake wakapofuka. Wafaransa nao, tangu 1921 hadi 1956, walituma vikosi vya tiba katika Kameruni na Afrika ya Ikweta, wakiwakusanya wanakijiji kwa nguvu ili wapimwe na kudungwa dawa ambazo mara nyingine zilileta upofu na hata mauti. Mwaka 2021 wachumi wawili, Sara Lowes na Eduardo Montero, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba mahali ambapo vikosi hivyo vilipita mara nyingi zaidi, hata leo watoto wachanjwao ni wachache zaidi, na watu wakataao kutolewa damu ya kupimwa ni wengi zaidi. Waliodungwa wamekwisha kufa zamani. Wajukuu wao, ambao pengine hawajui hata sababu, wamerithi tahadhari.

Msomaji asidhani kwamba khiyana za jinsi hiyo zilikoma pamoja na ukoloni, au kwamba ni za Afrika peke yake. Huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwaweka chini ya uangalizi wanaume weusi wapatao 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende, tangu 1932 hadi 1972, bila ya kuwatibu, hata baada ya penisilini kujulikana kwamba ndiyo dawa yake. Na rais wa nchi hiyo aliomba radhi mwaka 1997. Mwaka 2011 idara ya ujasusi ya nchi hiyo hiyo ilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, Pakistan, ili kumtafuta Osama bin Laden kwa kisingizio cha tiba. Kwa miaka mingi kabla ya hapo maadui wa chanjo ya polio katika nchi ile walikuwa wakisema kwamba wachanjaji ni majasusi, na wenye mamlaka wakiwakanusha. Habari ilipovuja, maadui wale wakapata hujja ambayo hapakuwa na mtu wa kuikadhibisha, na tangu mwaka 2012 wachanjaji wengi, wakiwamo wanawake, wameuawa wakiwa kazini. Ahadi ya ikulu ya Marekani, kwamba ujasusi hautavaa tena joho la chanjo, ilikuja mwaka 2014.

Kisa cha Kano kinastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, maana aghalabu husimuliwa nusu yake. Husemwa kwamba mwaka 2003 viongozi wa dini na wa serikali katika jimbo hilo la kaskazini mwa Nigeria waliizuia chanjo ya polio, wakidai kwamba imetiwa dawa ya kuwafanya watoto wa Kiislamu wasizae, na kwamba kwa sababu ya ukaidi huo virusi vikasambaa katika nchi karibu 20. Hayo ni kweli, na watoto waliolemaa kwa sababu yake hawana wa kumdai. Walakini miaka saba nyuma, mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipoupiga mji wa Kano, kampuni ya Pfizer ilifika na kuwapa watoto wapatao 100 dawa yake mpya iliyokuwa ikijaribiwa, na wengine kadiri hiyo hiyo dawa iliyozoeleka, ili zilinganishwe. Watoto 11 wakafa katika makundi hayo mawili, na wazazi wakasema baadaye kwamba hawakuelezwa kuwa watoto wao wamo katika jaribio. Kampuni ilishikilia kwamba maradhi ndiyo yaliyoua na si dawa, lakini mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 ili kesi ya jimbo la Kano imalizike. Mzazi wa Kano aliyeufunga mlango wake mwaka 2003 alikuwa amekosea juu ya chanjo, wala hakukosea juu ya wageni wenye makoti meupe. Na suala hilo halikumalizwa na mahubiri ya sayansi. Wajumbe wa Kano walishirikishwa katika kuichunguza chanjo, ikaletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, na Julai 2004 uchanjaji ukaanza tena. (Taksiri haina mipaka: mwaka uliofuata virusi vyenye asili ya Nigeria viliwafikia watoto wa Indonesia yenyewe.) Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020.

Lakini kama kuna mahali ambapo suala hili zima linaweza kusomwa kwa Kiswahili, katika midomo ya watu wake wenyewe, mahali hapo ni Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018, ikaendelea hadi tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Chanjo ilikuwapo, na ilikuwa chanjo njema. Matabibu walikuwapo, tena wengine wao, kama Profesa Jean-Jacques Muyembe, waliijua Ebola tangu ilipodhihiri mara ya kwanza Yambuku mwaka 1976. Fedha pia zilikuwapo, kwa mamia ya mamilioni ya dola. Uchunguzi uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa miji hiyo miwili ulionyesha kwamba takriban robo yao hawakusadiki kuwa Ebola ipo, na kwamba walioona wenye mamlaka wa mahali pao wanawatakia mema hawakufikia theluthi. Na waliokosa imani hiyo ndio waliokuwa wazito zaidi wa kuikubali chanjo.

Je, watu hao walikuwa wajinga? Tuyapange mambo kama walivyoyaona wao. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni ilikuwa katika mauaji ya panga na bunduki, mamia kwa mamia wakichinjwa mashambani na majumbani mwao, ilhali jeshi la taifa lilikuwapo na askari wa Umoja wa Mataifa walikuwapo, na wananchi wakilia kwa miaka minne bila ya kuona ulimwengu ukishtuka. Ghafula, kwa sababu ya maradhi ambayo wengi wao hawajapata kuyasikia, magari meupe yakajaa barabarani, nyumba zikapangwa kwa kodi ya ajabu, na wageni wakapita wakisindikizwa na askari wenye silaha, wale wale ambao hawakuonekana usiku wa mapanga. Katika kipindi hicho hicho surua ilikuwa ikiwaua watoto wa Kongo, zaidi ya 6,000 hadi mwanzo wa mwaka 2020, wengi kuliko waliouawa na Ebola, na haikupata hata sehemu ndogo ya shughuli hiyo. Mtu mwenye akili timamu angeuliza: hawa wamekuja kwa ajili yetu, au wanaogopa ndwele hii isiwafikie kwao?

Kisha ikaja siasa. Tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, ngome za upinzani, hazitapiga kura hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa amani. Na rais mpya alikuwa aapishwe Januari. Kura za watu zaidi ya milioni moja zikawa hazina maana. Masoko hayakufungwa, makanisa hayakufungwa, shule hazikufungwa. Masanduku ya kura tu ndiyo yaliyokatazwa kwa jina la maradhi. Kesho yake waandamanaji wa Beni walikivamia kituo cha wagonjwa, na siku ya uchaguzi wakazi wa mji huo wakajipanga katika safu, wakanawa mikono kwa dawa, wakapiga kura yao wenyewe ya ishara ili kuonyesha kwamba jambo hilo lingewezekana. Sidhani kama pana uzushi wowote wa mtandaoni ambao ungeweza kuidhuru kazi ya matabibu kama ilivyodhuriwa na tangazo lile moja lenye muhuri wa dola. Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Na Aprili 19 Dokta Richard Mouzoko, tabibu wa Kikameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo akiwa katika kikao na wenzake. Hapana udhuru kwa damu hiyo, wala simtafutii muuaji utetezi. Ninachokisema ni kwamba wauaji walikuta watu waliokwisha kukata tamaa na dola, wasiokuwa tayari kusimama mbele ya tabibu wakamkinga.

Fedha nazo zilikuwa na hadithi yake. Watu wa Beni walisema tangu mapema kwamba Ebola ni biashara, na neno hilo likahesabiwa katika orodha ya mambo ya uongo yanayopaswa kukanushwa. Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu Oly Ilunga, aliyekuwa waziri wa afya hadi Julai 2019, kifungo cha miaka 5 kwa kufuja zaidi ya dola 400,000 za kupambana na Ebola. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Ulimwenguni ikatoa taarifa kwamba wanawake wa huko walitakwa miili yao ili wapewe kazi katika shughuli hiyo, na kati ya watuhumiwa 83, waajiriwa 21 walikuwa wa Shirika lenyewe. Kenya nayo, mwaka 2020, wakati wananchi wakinyimwa hata kuzika jamaa zao kwa ada zao, mamlaka ya ugavi wa dawa ya serikali, KEMSA, iliingia katika kashfa ya ununuzi wa vifaa vya korona kwa mabilioni ya shilingi. Baada ya hayo, mtu akisema barabarani kwamba korona imebuniwa ili wakubwa wale, nusu ya usemi wake ni uzushi, na nusu iliyobaki imo katika kumbukumbu za Bunge.

Hata hivyo, kuiba fedha za tiba ni dhambi inayoweza kuadhibiwa na mambo yakaendelea. Liko jambo zito zaidi, nalo ni pale dola yenyewe inapoigeukia elimu na kuwa ndiyo chemchemi ya uvumi. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwa shangwe kwamba watafiti wa Kenya wamepata dawa ya UKIMWI, Kemron. Wagonjwa wakaja hata kutoka ng'ambo, na majaribio yaliyofuata hayakuona faida yoyote. Afrika Kusini chini ya Rais Thabo Mbeki iliichelewesha tiba ya UKIMWI kwa kutilia shaka chanzo cha maradhi, na waziri wake wa afya akasifu vitunguu saumu na kiazisukari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walikufa kwa ucheleweshaji huo. Tanzania, mwaka 2011, magari yalijipanga kwa kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema kwamba Mungu amemwotesha kuwa kinaponya kisukari, saratani na UKIMWI. Wataalamu walisema kikombe hakina sumu, na wagonjwa wakanasihiwa wasiache dawa zao. Lakini wakubwa wa serikali walikwenda kunywa mbele ya wapiga picha, na picha ile iliwafikia watu wengi kuliko nasaha. Wako walioziacha dawa za kufubaza virusi, wakafa.

Korona ilipoingia Tanzania, mgonjwa wa kwanza akitangazwa Machi 16, 2020, mambo yalianza kwa bayana: waziri akisoma hesabu, shule zikifungwa, ndoo za maji na sabuni zikiwekwa mlangoni pa kila duka. Mei 3 Rais John Magufuli alilihutubia taifa kutoka Chato, akasema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zimepelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi yake zimerudi na majibu ya kuwa na korona; mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Hesabu ya wagonjwa 509 na vifo 21 ikabaki pale pale, isiongezeke wala isipungue, kwa zaidi ya mwaka mzima. Juni ikatangazwa kwamba korona imeondoka kwa maombi.

Nataka kuwa na insafu hapa, kwa sababu Magufuli hakuwa mtu asiye na hoja. Hoja yake kwamba maskini aishiye kwa kibarua cha kutwa hawezi kufungiwa ndani ilikuwa ya kweli, na baadhi ya nchi zilizowapiga raia wao virungu ili wabaki majumbani hazikuvuna ziada kubwa kuliko yake. Hata swali lake juu ya vipimo lilikuwa swali halali, maana hapana kipimo kisichokosea. Kosa lilikuwa kwamba swali halali halikupelekwa kwa wataalamu likachunguzwa na majibu yakachapishwa, bali lilitumiwa kama sababu ya kuzima taa. Kuanzia hapo kila mtu akawa tabibu wa nafsi yake: nyungu zikapigwa, malimau na tangawizi vikapanda bei, na katika matangazo ya vifo ikaingia lugha ya nimonia kali na changamoto ya kupumua. Januari 2021 rais akazitilia shaka chanjo, na Februari waziri wa afya akaonyesha mbele ya kamera namna ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu na malimau. Februari 17 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza waziwazi kwamba ana korona; siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi; na Machi 17 akafariki rais mwenyewe, kwa maradhi ya moyo kama ilivyotangazwa, baada ya majuma ambayo taifa zima liliulizana alipo na viongozi wakajibu kwamba yuko kazini. Wako watu waliokamatwa kwa kueneza uvumi wa ugonjwa wake.

Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Julai 28, 2021, akifungua kazi ya kugawa dozi zaidi ya milioni moja zilizotoka Marekani, waziri aliyewahimiza watu wachanjwe alikuwa yule yule wa kinywaji cha tangawizi. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, alihubiri kuzipinga chanjo, akaitwa mbele ya kamati ya Bunge na kuadhibiwa. Lakini aliyoyasema Agosti hayakuwa mbali sana na yale yaliyosemwa na mkuu wa nchi Januari, na raia aliyeombwa abadili imani yake katika muda wa miezi saba hakupewa maelezo ya kwa nini ya kwanza yalikuwa makosa. Si ajabu kwamba mwanzoni mwa mwaka 2022 waliochanjwa walikuwa wachache mno. Waliongezeka, hadi kupita nusu ya watu wote katika mwaka 2023, baada ya wahudumu wa afya kuzitoa chanjo hospitalini na kuzipeleka vijijini, mashambani na minadani, zikiambatana na huduma nyingine ambazo watu wenyewe walizihitaji. Aliyewaleta si rais wala bango. Ni mhudumu wa zahanati ambaye mwaka uliopita alimzalisha binti yao.

Sasa ni haki niugeukie na upande wa pili, maana nikiishia hapa nitakuwa nimeupa uvumi heshima isiyo yake. Si kila uzushi una dhuluma nyuma yake. Daktari wa Kiingereza, Andrew Wakefield, aliyechapisha mwaka 1998 makala juu ya watoto 12 akiihusisha chanjo ya surua na usonji, hakuwa mnyonge aliyedhulumiwa. Alikuwa akilipwa na mawakili waliotaka kuyashitaki makampuni ya chanjo, na makala yake ilifutwa mwaka 2010. Usovieti, katika miaka ya 1980, ulieneza kwa makusudi, kupitia magazeti ya nchi nyingi, kwamba UKIMWI umetengenezwa katika maabara ya jeshi la Marekani, na mabaki ya habari hiyo yangali yakisikika katika vijiwe vyetu. Siku hizi wako wauzao hofu kwa kipimo cha watazamaji, wakichuma kwa kila atakayebonyeza, na sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana hupita katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ikitanguliwa na maneno kwamba imetoka kwa daktari wa hospitali kubwa. Hao wana lawama yao, na sheria iwafuate. Lakini mwuzaji huyu yuko kila nchi, na bidhaa yake haiuziki kila nchi kwa wepesi ule ule.

Mfano wa kupima jambo hili ni ule wa Kenya wa mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 imetiwa homoni ya kuwazuia wasizae. Serikali, pamoja na Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF, walikanusha, na kwa elimu iliyopo dai lile lilikuwa batili. Hata hivyo maswali yaliyolizaa hayakuwa ya kipumbavu: kwa nini wanawake peke yao, na kwa nini umri wa kuzaa? Jibu ni jepesi na la kupendeza, kwamba kinga ya mama humkinga mtoto mchanga asipate pepopunda ya kitovu, ambayo huua karibu kila mtoto imshikaye asipotibiwa. Jibu hilo lilipaswa kufika parokiani kabla ya sindano, kwa Kanisa lenye hospitali na zahanati nyingi nchini na lililokuwa mshirika wa serikali katika chanjo kwa miaka mingi. Lilipofika kama kanusho, huku maaskofu wakishutumiwa, tayari lilikuwa upande mmoja wa ugomvi.

Uganda iliwahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1986, wakati serikali nyingi za Afrika zikiuficha UKIMWI kwa kuogopa aibu na kupoteza watalii, waziri wa afya wa Uganda, Dokta Ruhakana Rugunda, alisimama katika mkutano wa Shirika la Afya Ulimwenguni mjini Geneva na kukiri kwamba nchi yake ina maradhi hayo na inahitaji msaada. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alitangaza kwamba anao, akapita mashuleni na makanisani akiwaonyesha watu mwili wake ulivyokuwa ukiisha, hata akafariki Desemba mwaka huo. Maambukizo, yaliyokadiriwa kuwa takriban asilimia 15 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalishuka hadi karibu asilimia 6 baada ya miaka kumi. Wataalamu wanabishana kuhusu kiasi gani cha mshuko huo kilitokana na mabadiliko ya mwenendo na kiasi gani na vifo. Hawabishani kwamba watu walisadiki maradhi yapo. Serikali iliyokiri jambo lililoivunjia heshima ilikuwa imewapa raia wake sababu ya kuiamini katika mengine.

Tanzania yenyewe imekwisha kuzijaribu njia zote mbili katika mkoa mmoja. Machi 2023 watu walipokufa kwa ndwele isiyojulikana wilayani Bukoba, mkoani Kagera, wizara ilitangaza upesi kwamba ni Marburg. Wakaugua 9, wakafa 6, na mwanzoni mwa Juni mlipuko ukaisha. Januari 2025, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipotoa tahadhari juu ya washukiwa wa Marburg huko Biharamulo, mkoa huo huo, wizara ilijibu kwamba sampuli zote zimepimwa na hakuna Marburg. Kisha Januari 20 rais, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa Shirika hilo, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko huo ulipomalizika Machi 13, wagonjwa waliohesabiwa ni 10, na wote walikuwa wamekufa. Huenda sampuli za kwanza kweli hazikuwa na virusi, hilo hutokea. Lakini tangazo la kwanza lilisema maradhi hayapo, ambapo lilichokuwa na haki ya kusema ni kwamba hayajaonekana na kwamba upimaji unaendelea.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi zetu zote zimezikubali, zinaitaka serikali iliarifu Shirika la Afya Ulimwenguni ndani ya saa 24 baada ya kutambua tukio la hatari. Hazikuweka saa yoyote kwa ajili ya kumwarifu mkulima wa Biharamulo. Wabunge wetu wa Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa wanao uwezo wa kuiweka saa hiyo katika sheria za nchi, pamoja na sharti kwamba majibu ya maabara, yawe ya kuthibitisha au ya kukanusha, yachapishwe na namna yalivyopatikana. Na wapiga kura wao wawaulize, kabla ya wabaa mwingine kuingia, ni kwa nini hawajaiweka.